Barabara ya mita 14 mjini Malindi: baiskeli, tuktuk na matatu zitatosheaje?

Mkaazi_wa_Barani

Asalaam aleikum, na hamjambo nyote.

Kamati yetu ya mtaa inaandaa waraka wa mapendekezo kwa kaunti kuhusu barabara moja ya ndani ya mji, kati ya upande wa soko na Barabara ya Lamu. Kutoka ukuta hadi ukuta ni mita 14. Lami iko katikati, mita 7. Kila upande umebaki mchanga wa mita 3.5, na mchanga huo ndio maegesho, ndio steji ya tuktuk, ndio mahali pa meza za mama mboga. Wenye miguu na wenye baiskeli hawana pao, hushuka kwenye lami na kupishana na matatu. Kipande chote ni mita 600 hivi, na njia za pembeni ni 5.

Tunataka barabara igawanywe upya, waendao kwa miguu, baiskeli na vyombo vya abiria wapewe nafasi kwanza, na magari madogo yanayopita tu yatafute njia nyingine. Naomba wajuzi wanieleze vipimo vinavyofaa kwa mita 14. Njia ya baiskeli ichorwe kwa rangi au ijengewe ukingo? Maji ya masika yataelekea wapi? Na wenye maduka wanahofia kukosa wateja, tuwajibu nini?

MpimaNjia

Wa aleikum salaam ndugu. Msichore chochote kabla ya kujua barabara ni ya nani. Chini ya Katiba ya 2010 barabara za kaunti ziko mikononi mwa kaunti, lakini barabara kuu ya kutoka Mombasa kwenda Garsen ni ya KeNHA, mamlaka ya barabara kuu za taifa. Kama kipande chenu kinaungana na barabara ya taifa, makutano hayo yanahitaji kibali cha mwenye barabara, na michoro mingi mizuri hufia hapo. Tengeni makutano na kipande cha ndani kama kazi mbili, ili moja isisubiri nyingine.

Pili, hesabuni watu, msihesabu magari peke yake. Hesabu ya magari tu itawaambia barabara ni nyembamba. Hesabu ya watu itawaonyesha ni nani aliyekosa nafasi. Wekeni watu wawili wawili katika sehemu tatu, kuanzia saa 12 asubuhi hadi saa 12 jioni, karatasi mpya kila dakika 15. Safu za karatasi ziwe: miguu, baiskeli, baiskeli yenye mzigo, mkokoteni, bodaboda, tuktuk, matatu, gari dogo, lori. Ongezeni safu ya mtu anayetembea juu ya lami, kwa sababu hiyo ndiyo inayothibitisha kwamba pembeni pamezibwa. Siku mbili za kawaida na Ijumaa moja zinatosha. Msihesabu ndani ya Ramadhani wala shule zikiwa zimefungwa, kwa kuwa safari za siku hizo si za mwaka mzima.

Mwendo hupimwa bila mtambo. Chora mistari miwili ya chokaa yenye mita 50 kati yake, kisha utumie saa ya simu. Gari likimaliza kwa sekunde 6 linakwenda kilomita 30 kwa saa. Likimaliza kwa sekunde 3.6 linakwenda 50. Pimeni vyombo 100, mvipange kuanzia cha polepole hadi cha kasi, na mwendo wa chombo cha 85 ndio wa kuandika kwenye waraka. Nguvu ya kugonga hukua kwa mraba wa mwendo, kwa hiyo gari la kilomita 50 hugonga kwa nguvu karibu mara 2.8 ya lile la 30. Hiyo tofauti ndiyo inayoamua kama mtoto ataumia au atakufa.

Kwa wenye maduka, msiwajibu kwa maneno. Simameni mlangoni siku nzima na mumuulize kila mteja amefikaje. Halafu wapeni karatasi waisome wenyewe.

FundiKingo

Nianze na swali la rangi au ukingo, kwa sababu likijibiwa vibaya mengine yote hayana maana. Rangi peke yake kwenye barabara yenye maduka haitoboi wiki mbili. Siku ya kwanza litasimama lori la soda, siku ya pili tuktuk, siku ya tatu ni maegesho. Njia ya baiskeli lazima iinuliwe au itengwe na kitu ambacho gurudumu la gari haliwezi kukipanda.

Kwa mita 14 naona njia mbili za kugawa.

Ya kwanza ni magari kupita pande zote mbili. Katikati weka mita 6.0, yaani njia mbili za mita 3.0. Kila upande unabaki na mita 4.0: mita 2.0 za watembeaji, mita 1.6 za baiskeli, na mita 0.4 za kutenganisha. Hesabu inakubali, lakini imebana. Baiskeli ya Malindi mara nyingi si ya mtu mmoja mwepesi. Baiskeli nzito yenye madumu manne ya lita 20 hubeba kilo 80 za maji na upana wake hukaribia mita moja. Kwenye mita 1.6 hakuna wa kumpita mwenzake. Hakuna pia mahali pa mti, pa meza wala pa tuktuk kusubiri, na kisichopewa mahali kwenye mchoro kitachukua mahali pa baiskeli.

Ya pili ni magari kupita upande mmoja tu. Kwa mpangilio huu njia ya gari ni mita 3.5, nayo inatosha gari la zima moto. Njia ya baiskeli ya kwenda na kurudi ni mita 3.0, kitenganishi mita 0.5, watembeaji mita 2.5 kila upande, na ukanda wa mita 2.0 wa miti, meza, tuktuk na kupakua mizigo. Jumla mita 14 kamili.

Katika mpangilio wa pili, njia ya baiskeli iwe upande wa kulia wa magari, na ule ukanda wa mita 2.0, pamoja na vituo vya matatu, uwe kushoto. Milango ya matatu iko kushoto. Ukiweka baiskeli kushoto, kila abiria anayeshuka anatua mbele ya gurudumu. Ukiiweka kulia, abiria na baiskeli hawakutani kabisa isipokuwa kwenye vivuko.

Hasara yake ni kwenye njia panda. Dereva anayetoka njia ya pembeni huangalia upande magari yanakotoka, naye hamwoni mwenye baiskeli anayekuja kutoka upande wa pili. Kwa hiyo kila mdomo wa njia ya pembeni lazima uinuliwe: kivuko kilicho sawa na usawa wa njia ya baiskeli, milimita 75 hadi 100 juu ya lami, na mteremko wa 1 kwa 10 au wa polepole zaidi, ili gari lipande kabla ya kuvuka. Zile kona pana za mviringo zipunguzeni hadi nusu kipenyo cha mita 3 au 4. Kona pana ndiyo inayomruhusu dereva kuingia bila kukanyaga breki. Lori likihitaji zaidi, jengeni ndani ya kona ukingo wa mawe wa milimita 30 hadi 50 ambao tairi la lori litaupanda taratibu na gari dogo halitaupenda. Pigeni pia nguzo fupi mita 6 za mwanzo kutoka kwenye kona, pasisimame kitu. Tuktuk iliyoegeshwa konani huficha mtoto mzima.

Ukingo wa kati ya baiskeli na watembeaji usiwe wima. Uwe wa milimita 50 hadi 60 na ulazwe kama mteremko. Ukingo wima hunasa pedali, na anayejaribu kukwepa huangukia ndani.

Bi_Mtaro

Nakubaliana na FundiKingo kwenye kugawa nafasi, ila barabara nyingi za pwani huharibiwa na maji na mchanga kabla hazijaharibiwa na magari. Niongeze hapo, na mniwie radhi kwa urefu.

Kabla ya kuinua chochote, pimeni kizingiti cha kila duka na kila mlango wa nyumba kwa mpira wa maji au kwa livo (kifaa cha kupimia usawa), muandike tofauti yake na usawa wa lami. Kosa linalorudiwa ni kumwaga tabaka jipya juu ya la zamani. Barabara inapanda kidogo kila ukarabati, na masika ya Aprili na Mei ikifika maji yanaingia madukani. Duka likiingiwa na maji mara moja, mwenye nalo atakuwa adui wa mradi maisha yake yote, na atakuwa na haki. Kama vizingiti viko chini, chimbeni lami ya zamani itoke kwanza.

Njia ya baiskeli ilale kwa asilimia 2 kuelekea upande wa gari. Kitenganishi cha mita 0.5 kisiwe ukuta mmoja mrefu. Kiachiwe matobo ya milimita 300 kila baada ya mita 4 au 5, maji yapite kwenda mtaroni. Vivuko vilivyoinuliwa vina tatizo lao, kwani huziba mkondo wa pembeni kama bwawa. Pitisheni kalvati ndogo chini yake, au acheni mfereji wa milimita 150 na mfunike kwa bamba la zege linaloinuliwa kwa mikono miwili. Bamba lisipoinuka, mtaro hautasafishwa.

Mashimo ya kupokea maji yawe na kina cha ziada cha milimita 300 chini ya bomba, ili mchanga utue hapo usiende ndani ya bomba. Yasafishwe mwezi wa Machi kabla ya masika na tena mwezi wa Septemba kabla ya vuli. Wavu wa chuma mbele ya baiskeli ni hatari kama fito zake zinaelekea anakokwenda mpanda baiskeli, kwa sababu gurudumu jembamba huzama. Fito ziwe za kukata njia. Bora zaidi ni mdomo wa maji uliowekwa ubavuni mwa ukingo, pasiwe na wavu kabisa. Chuma huliwa na hewa ya chumvi, na kisipoliwa huibwa kikauzwe kama chuma chakavu.

Kuhusu kabro, yaani matofali ya zege ya kutandika chini: ni nzuri kwa watembeaji. Milimita 60 kwa njia ya miguu, milimita 80 pale gari linapopita, juu ya mchanga wa milimita 30 hadi 50 uliosawazishwa. Bila ukingo wa kuzibana pembeni hutawanyika, na pale mlizamu wa paa unapomwaga maji mchanga wa kati ya kabro huoshwa na shimo huanza. Elekezeni milizamu yote mtaroni kwa bomba. Kwa baiskeli sipendekezi kabro. Ardhi ikizama kidogo tu huwa mawimbi, na mwenye kilo 80 za maji nyuma anayasikia mabegani. Mwageni zege la milimita 100 juu ya msingi uliopigwa vizuri, mkate viungio kila mita 2.5 hadi 3, na msugue uso kwa ufagio upande wa kukata njia ili usiteleze. Rangi ya zege ikitofautiana na kabro, hata asiyesoma alama atajua pake ni wapi.

Miti: mkilifi (mwarobaini) unafaa, kivuli chake ni kizito na unastahimili ukame. Mwachieni shimo la mita 1.2 kwa 1.2 na mpogoe matawi hadi mita 2.5 kutoka chini. Mvinje msiuweke karibu na mtaro, majani yake kama sindano huziba kila tundu. Msiache kivuli kama jambo la baadaye. Saa saba mchana ya Januari mtu hatatembea mita 600 juani ikiwa tuktuk iko mbele yake.

Steji_ya_Kati

Mmeongea vizuri, lakini matatu mmezipitia haraka mno. Ukifanya barabara ya upande mmoja, abiria wa kurudi atapandia wapi? Lazima kuwe na barabara pacha iliyo karibu. Ikiwa umbali kati ya hizo mbili unapita mita 150, mzee mwenye mzigo amepoteza huduma hata kama mchoro unapendeza. Magari ya upande mmoja pia huongeza mwendo, kwa kuwa hakuna anayekuja mbele. Wekeni matuta kila mita 60 hadi 80, tuta la mviringo lenye urefu wa mita 3.7 na kimo cha sentimita 10. Tuta fupi la kupiga kama ngazi linavunja springi za matatu na mgongo wa mgonjwa, kisha madereva hulikwepa kwa kupita mchangani.

Vituo: nafasi ya matatu mbili ni mita 12, na mita chache za kuingilia na kutokea. Kwa mita 600 viwe vituo viwili, si zaidi, na viwe baada ya makutano, si kabla yake. Matatu iliyosimama kabla ya makutano huziba anayetaka kukata kona na humficha anayevuka. Matatu isimame kwenye njia yake yenyewe wakati wa kushusha. Msiichimbie ghuba, yaani kijisehemu cha kando cha kusimamia, ndani ya njia ya miguu. Ghubani hugeuka steji ya kusubiri abiria, na dereva anayetaka kutoka huzuiwa na foleni. Kusubiri abiria kujaa kufanyike mwanzo na mwisho wa safari, mahali palipotengwa.

Kama mtalazimika kubaki na pande zote mbili, jueni kwamba mita 4.0 za kila upande hazitoshi kujenga kisiwa cha kusubiria. Kisiwa kinataka mita 2.0, baiskeli nyuma yake mita 1.5, miguu mita 2.0, jumla 5.5. Hapo inabidi njia ya baiskeli ipande hadi usawa wa miguu kwa urefu wote wa kituo, na sheria iwe abiria kwanza. Inafanya kazi pale baiskeli zinapokwenda polepole.

Sidhani Malindi inahitaji njia maalum ya mabasi. Dar es Salaam ilijenga njia za mwendokasi katikati ya barabara, na mabasi yakaanza kazi mwaka 2016, kwa sababu abiria wa Kimara na Kivukoni ni wengi mno. Hapa matatu haicheleweshwi njiani, inacheleweshwa kwenye makutano na kwenye steji. Pesa ziende huko.

Mwana_wa_Amu

Kuhusu kupakua mizigo, tazameni Lamu. Vichochoro vya Mji wa Kale, ulioingizwa kwenye orodha ya urithi wa dunia mwaka 2001, havikujengewa gari, na maduka yana bidhaa kila siku. Mzigo hushuka gatini, kisha hamali na punda huumalizia safari. Kwenu lori lishushe kabla ya saa 2 asubuhi kwenye mwanzo wa barabara, na mikokoteni imalize. Basi mkokoteni upewe haki yake kwenye mchoro: kila mteremko wa kupandia uwe 1 kwa 12, wala pasiwe na ngazi hata ya sentimita 3, kwa sababu gurudumu dogo lenye kilo 200 juu yake husimama hapo.

Mkaazi_wa_Barani

Allah awalipe kheri nyote. Tumeelekea kwenye mpangilio wa upande mmoja, kwani barabara pacha ipo na iko mita 90 tu. Limebaki moja linalotutia wasiwasi: bodaboda. Nguzo fupi zitazizuia zisiingie njia ya baiskeli?

FundiKingo

Hazitazizuia, na ni vyema waraka useme wazi. Tuktuk ina upana wa mita 1.3, kwa hiyo nguzo zenye nafasi ya mita 1.2 kati yake huizuia. Usukani wa pikipiki ni chini ya mita 0.9, na kiti cha magurudumu kinahitaji mita 0.9. Ukibana hadi pikipiki isipite, umemfungia nje mlemavu na mwenye baiskeli ya mizigo. Pimeni na mikokoteni ya hapo kabla ya kukata nguzo.

Kinachosaidia ni kuondoa sababu ya kuingia. Bodaboda huingia njia ya baiskeli pale njia ya gari imeziba, au pale safari yao inakwenda kinyume na mwelekeo. Wapeni steji za kudumu mwanzoni na mwishoni mwa kipande, kwenye ule ukanda wa mita 2.0, pikipiki 6 kila moja. Barabara pacha iunganishwe kila njia ya pembeni ili kurudi kusiwe mzunguko mrefu. Viongozi wa steji wakae mezani tangu mchoro wa kwanza, na kanuni ya kutoingia waiandike wao. Nguzo zenyewe ziwe za zege au bomba lililochovywa zinki, na sehemu iliyochomelewa ipakwe rangi ya zinki, kwa kuwa kutu huanzia hapo.

MpimaNjia

Naongeza la majaribio. Msiombe ujenzi wote mara moja. Ombeni wiki 6 hadi 8 za majaribio kati ya Januari na Machi kukiwa kukavu: mapipa ya plastiki yaliyojazwa mchanga kila mita 3, matairi yaliyomwagwa zege kwenye kona, rangi ya barabara kwa mistari. Chokaa itafutika siku chache. Leteni lori refu zaidi linalohudumia maduka na gari la zima moto, yapite kila kona mbele yenu. Pipa likigongwa mara tatu mahali pamoja, mchoro una kosa pale, msogezeni. Hesabu na kipimo cha mwendo virudiwe kwenye sehemu zile zile na siku zile zile za juma.

Jambo ambalo majaribio mafupi hayaonyeshi ni kuunganika. Seville huko Uhispania ilijenga karibu kilomita 80 za njia zilizotengwa ndani ya miaka michache kuanzia 2006, zote zikishikana, na sehemu kubwa ya nafasi ilitoka kwenye maegesho. Mita 600 zisizofika sokoni wala shuleni zitaonekana tupu, na watu watasema baiskeli hazihitajiki. Kwa hiyo andikeni kipande cha kwanza kianzie mlangoni mwa soko hasa, hata kama kitakuwa kifupi upande wa pili.

Kuhusu tarehe: mpango wa maendeleo wa mwaka hupelekwa kwenye bunge la kaunti kabla ya tarehe 1 Septemba, na makadirio ya bajeti kabla ya 30 Aprili. Waraka ufike ofisi ya manispaa mwezi wa Juni au Julai, ukiwa na karatasi za hesabu, mchoro unaoonyesha mgawanyo wa upana wa barabara kutoka ukuta hadi ukuta wenye vipimo, na orodha ya vizingiti aliyoitaja Bi Mtaro. Hakikisheni unapigwa muhuri wa kupokelewa, nanyi mbaki na nakala.